Kitu Kirefu Hakipiti

Kazi ya baba yangu ni kuamua watu wapite wapi. Pakitaka kujengwa jengo jipya, hata jiwe moja halijawekwa, huja yeye na futi yake na penseli sikioni, akapanga: gari la mchanga liingilie huku, mafundi wapite kule, mpita njia asiangukiwe na tofali, na mwizi akwame. Hilo la mwizi ndilo analolipenda kuliko yote. Ukichelewa kurudi nyumbani, baba wa watu huuliza ulikuwa wapi. Baba yangu huuliza umepitia wapi.

Mimi ni bintiye wa kwanza, niko kidato cha tatu, na skuli nzima inanijua kwa mdomo. Mwalimu wa hesabu husema ulimi wangu ungekuwa na miguu ungekuwa ushafika Pemba na kurudi. Kwa hiyo anayetaka habari ya msiba iliyoandikwa kwa adabu akatafute kwengine. Adabu ilinishinda siku ile nilipokuwa dirishani, na mpaka leo sijaiona iko wapi.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, mwisho wa kichochoro kisichokwenda popote. Ukiingia unakuta milango mitatu: wa mzee jirani yetu, wa watu wanaouza vitambaa, na wetu. Kisha ukuta. Nyumba ya nne ilikuwa pale mdomoni mwa kichochoro, kubwa, ya zamani, mbovu, imesimama kwa aibu tu. Masika yakaja, aibu ikaisha, ikaporomoka. Alhamdulillahi ndani hamkuwa na mtu, ila paka mmoja aliyetoka vumbi tupu, akatutazama kama sisi ndio tuliosukuma. Baadaye wenye kiwanja wakasema watajenga hoteli mpya yenye sura ileile ya zamani, na kazi ya kupanga njia na ulinzi wa eneo akapewa baba.

Alifurahi kama aliyeposewa. "Kazi mlangoni kwangu," akamwambia mama. "Hii nitaifanya mpaka watu waje kuitazama."

Walikuja kuitazama kweli.

Alichofanya ni hiki. Kiwanja alikizungushia mabati. Magari akayapa lango upande wa pili, kwenye barabara. Sisi wakaazi akatuachia ukanda mwembamba pembeni mwa mabati, na juu yake akaweka paa la mbao nene, ili jiwe likidondoka lisitukute na vichwa vyetu. Mpaka hapo sina neno. Mvua ikinyesha tulipita wakavu, na mama akasema afadhali hoteli isimalizike.

Lakini nondo za kiwanjani zilikuwa zinapotea, na zilikuwa zinapotea kupitia kwetu. Mtu anarusha nondo juu ya mabati, mwenzake anaiokota kichochoroni, anatoka nayo begani kama aliyenunua muwa. Basi baba akatengeneza kona. Akasimamisha mabomba ya chuma pale kwenye kutokea, kutoka chini mpaka darini kwa lile paa, akayapanga hivi kwamba ukitaka kutoka barabarani unapinda kushoto, hujakaa sawa unapinda kulia, ndiyo unatoka. Mtu anapita. Mtu na kikapu chake anapita. Mwenye vespa anashuka, anaisukuma, anatukana, anapita. Nondo haipiti. Ubao haupiti.

"Kitu kirefu hakipiti," baba aliwaambia wenye mradi siku walipokuja na viatu vyao visafi. Alisema vile mtu anavyosema mwanawe kahitimu.

Mmoja wao akauliza kama mabomba yafungwe kwa boliti ili baadaye yafunguliwe kwa urahisi.

"Boliti anafungua kila mtu mwenye spana," baba akajibu. "Haya tunayachomelea."

Yakachomelewa. Kisha, kwa kuwa baba si mtu wa kubahatisha, akajaribu kila kitu cha kichochoroni. Friji ya wauza vitambaa ikapita wima. Kochi letu likapita wima, likalalamika kidogo. Tangi la maji likapita. Mtungi wa gesi, usiseme. Kitanda kilifunguliwa kikapita vipande, godoro likakunjwa. Mama alisimama kando kama mke wa aliyeshinda mashindano ya ngalawa. Walipomaliza, baba akawageukia majirani: "Kuna tulichokisahau?"

Watu wakatazamana. Mzee jirani akakuna ndevu, akatazama chini, akasema, "Hakuna, mwanangu. Umemaliza."

Kilikuwepo, na hakuna mtu mzima pale ambaye hakukijua. Kila kichochoro cha mji huu, kiwe chembamba vipi, kuna kitu kimoja lazima kitapita siku moja, na hakikunjwi wala hakifunguliwi vipande. Lakini kwetu hukitaji mbele ya nyumba yenye mgonjwa. Ni uchuro. Ukikitaja umekiita. Basi watu waliozika baba zao na mama zao wakasimama na futi mkononi, wakapima kochi.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa juu dirishani, anatuangalia sote.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na moyo uliochoka na miguu inayovimba, ila ulimi wake ulikuwa mzima kabisa. Nadhani wangu nimeurithi kwake, maana mama yangu ni mtu mpole. Akiniita "mke mwenzangu", kwa sababu babu, alipokuwa hai, alikuwa akiniambia nikikua atanioa na bibi atarudishwa kwao. Kwao ni Uroa. Tukitaniana hivyo hivyo, mimi namwambia arudi akavue, yeye ananiambia niangalie nisije nikamrithi na magoti yake.

Aliolewa mjini bado kigori. Alikuja na kanga zake na kikapu cha pweza mkavu. Mama mkwe wake akakitazama kile kikapu, akamtazama yeye, akasema: "Wa shamba huingilia uani."

Nyumba yetu ina milango miwili. Wa mbele ni ule wa kuchongwa, wenye misumari ya shaba, ambao wageni hawawezi kuupita bila kupiga picha. Wa nyuma uko jikoni. Unatokea uani, na ua unatokea kwenye upenyo wa mfereji, ulionyooka mpaka mtaa wa pili, na humo majirani wote humwaga maji ya kuoshea samaki. Bibi alipita mferejini miaka na miaka. Akienda sokoni, nyuma. Akienda harusini na kanga imefukizwa udi, nyuma, akafika harusini ananuka udi na changu. Alipokuwa na mimba ya baba, mkunga aliingilia mlango wa mbele, na bibi mwenyewe akaingilia wa nyuma, wakakutana chumbani.

Mpaka mama mkwe alipofariki. Matanga yalipoanuliwa, bibi akafungua mlango wa mbele, mbawa zote mbili, akakaa barazani, akamenya chungwa.

"Nilikula chungwa zima, mke mwenzangu," alinihadithia. "Na maganda nikayaacha palepale."

Sijawahi kusikia habari ya ushujaa iliyonipendeza kuliko hiyo. Za skuli zote zina mapanga na farasi.

Sasa siku ile ya kupima kochi, nilipanda juu kumpelekea dawa. Akanishika mkono, akanionyesha kona kwa kidevu.

"Mimi natoka mlango wa mbele," alisema. "Nnataka nipitishwe mbele ya baraza zote hizi mpaka barabarani, kila mtu aone nimetokea wapi. Sitaki kingine. Lakini lile dude la baba yako, mimi nitalipita vipi?"

"Utapita tu, bibi. Wewe mfupi."

"Mimi mfupi. Kitakachonibeba je?"

Nikanyamaza, jambo ambalo kwangu mimi ni la kuandikwa kwenye kalenda.

"Mwambie mwanao," nikasema.

"Khaa! Mwanamme umtajie kifo cha mama yake? Atakimbilia duka la dawa. Mwambie wewe. Wewe hata ukisema kweli watu wanadhani mzaha, hawakasiriki."

Hapo bibi alikosea.

Nilimwambia baba kwa njia ninayoijua. Ijumaa, watu wamerudi msikitini, wameshiba biriani, niliazima ngazi ya mbao ya mzee jirani, nikamwambia nataka kutoa mpira juu ya bati. Nikamlaza mdogo wangu juu yake. Yuko darasa la tano, mwembamba, anafaa. Nikamfunika kanga ya bibi gubigubi. Watoto wa wauza vitambaa na wenzao wakashika, wawili mbele wawili nyuma, mimi natangulia kama kiongozi wa msafara.

"Taratibu, jamani, taratibu! Maiti anatafuna ubuyu!"

"Sitafuni," kanga ikasema.

Tukafika konani. Wa mbele wakapinda kushoto, na ngazi ikagota kwenye bomba. Wakarudi nyuma, wakainua. Ikagota kwenye paa. Wakainamisha upande, maiti akaanza kuteleza, akapiga ukelele, ubuyu ukamtoka. Askari wa langoni, bwana mmoja mpole mwenye fulana yake ya rangi ya ndimu inayong'ara, alikuwa anacheka mpaka anashika mabati. Ghafla akaacha kucheka, akajiweka sawa. Nikajua nani yuko nyuma yangu.

Kibao kilinikuta bado nimeinua mkono wa kuongoza.

"Uchuro huu!" baba alisema. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Nyumba ina mgonjwa!"

"Nnapima, baba."

"Unapima nini?"

 Nilitazama juu, naye akafuata macho yangu. Bibi alikuwa dirishani, kashika kifua kwa mkono mmoja na nondo ya dirisha kwa mkono wa pili, anacheka machozi yanamtoka. Walitazamana, mama na mwanawe. Wallahi alielewa. Nilimwona usoni namna alivyoelewa, kisha nikamwona namna alivyokataa kuelewa, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta ndani kuna mtu, akaurudisha.

"Rudisha ngazi kwa mwenyewe," akasema.

Ngazi ikarudi. Wima.

Baada ya hapo bibi alizidiwa mara moja, akapelekwa hospitali. Machela ya hospitali iliishia barabarani, lakini hiyo kwetu ni kawaida. Mji Mkongwe mgonjwa hushushwa kwa kiti. Mafundi wanne waliacha kazi, wakamkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki, wakambeba. Konani wakapinda kushoto, wakapinda kulia, bibi anawaelekeza yeye mwenyewe: "Wewe mrefu, inama. Si hivyo, unanipeleka Bara?" Akatoka. Baba aliyekuwa nyuma na mfuko wa nguo akanigeukia. Uso wake ulisema: Umeona? Imepita.

Nilitaka kumwambia kwamba aliye hai anakunjika. Shavu langu likanishauri ninyamaze.

Bibi alirudi kutoka hospitali, akakaa dirishani kwake, akaendelea kunitania. Halafu asubuhi moja ya kawaida kabisa, mama anakaanga mandazi, mimi natafuta soksi, tukamwita bibi, hakuitikia. Mandazi yale yaliungua. Mpaka leo mama hapiki mandazi asubuhi, na wala hatujasemezana kwa nini.

Ikatangazwa atasaliwa baada ya adhuhuri, msikiti wa jirani. Siku hiyo msikiti ungejaa, kwa kuwa bibi alijulikana. Na watu wa Uroa walikuwa njiani wanakuja. Wanawake wakajaa ndani. Waoshaji wakaingia chumbani na ndoo na kafuri. Wanaume wakakaa barazani, na waliokosa nafasi wakaegemea mabati ya baba. Kule kiwanjani wakazima mashine kwa heshima, isipokuwa zege lilikuwa limeanza kumwagwa tangu alfajiri na zege haliheshimu msiba. Likianza lazima limalizike.

Mimi nilipanda kwenye dirisha la bibi. Kiti chake kilikuwa bado kimeelekea nje.

Ndipo nikaliona jeneza linakuja kutoka msikitini. Vijana watatu wamelibeba, tupu, jepesi. Wakafika konani. Wakasimama kidogo, mmoja akakuna kichwa. Kisha wakalisimamisha wima, miguu juu, wakalizungusha kama kochi, kushoto, kulia, likaingia. Kule barazani watu wakashusha pumzi. Mzee jirani akasema, "Alhamdulillahi." Baba naye alikuwa pale, mkono kifuani. Nilimwona anafunga macho.

Nikashuka mbio mpaka kwa mama. "Mama, limeingia wima."

"Nini?"

"Jeneza. Limeingia wima. Litatokaje?"

"Nyamaza! Usituletee uchuro hapa."

"Uchuro gani tena, mama? Maiti si yumo ndani?"

Shangazi mmoja akanifinya. Nikarudi dirishani kwangu.

Walimtoa kwa mlango wa mbele. Hilo nalitia kwenye hesabu, nisije nikadhulumu. Mbawa zote mbili zilifunguliwa. Baba bega la mbele, jeneza limefunikwa, na kalima inasomwa kwa pamoja, sauti za wanaume zimejaa kichochoro chote mpaka mabati yanaitikia. Wakapita mbele ya baraza yetu. Wakapita baraza ya wauza vitambaa. Wakapita baraza ya mzee jirani. Wakafika konani, na kalima ikaanza kukatika kidogo kidogo, kuanzia mbele kuja nyuma.

Likagota kwenye bomba. Wakarudi hatua. Wakainua, likagota kwenye paa. Palepale. Bomba lilelile, mbao ileile. Nilikuwa nayajua yote kabla hayajatokea, na siwezi kueleza ubaya wa kujua kitu namna hiyo.

"Tuliinamishe," mmoja akasema.

"Utainamisha maiti?"

"Basi tupitie kiwanjani. Mhandisi, mwambie askari afungue."

Mabati yana kilango kidogo cha dharura upande wetu. Askari akaja, akamwamkia baba, akampa mkono wa pole, kisha akafungua. Ndani palikuwa na shimo la msingi, na kati ya shimo na lango la magari zege bichi limetandazwa linang'aa kama uji. Mbao za kupitia zilikuwa nyembamba, za mtu mmoja.

Askari yule, maskini, akarudi kibandani, akatoka na rundo la kofia ngumu za manjano amezikumbatia. "Kama mtajaribu pembeni kule," alisema, "lakini, mhandisi, samahani, wewe mwenyewe ulisema asiingie mtu bila..."

Hakumaliza. Baba alikuwa anazitazama zile kofia. Watu wamebeba jeneza begani, na kofia za msikitini vichwani, na huyu anawapa za plastiki. Siku nyengine yoyote ningecheka nikaanguka dirishani.

Mtu akashauri bibi abebwe mikononi, akunjwe kidogo konani, awekwe jenezani kule nje barabarani. Barabarani kulikuwa na wageni wamesimama na simu juu.

"Mama yangu hawekwi jenezani mbele ya makamera," baba alisema.

"Basi tukate," kijana mmoja akasema. "Mashine ya kukatia ipo kiwanjani."

Baba akatikisa kichwa. Alijua unene wa mabomba yale kuliko mtu yeyote duniani. Aliyachagua yeye. "Mpaka yakatike," alisema polepole, "adhuhuri itakuwa ishasaliwa."

Mwadhini akaanza. Sauti ikatupita juu ya paa la mbao, na watu wote pale chini wakaangalia miguu yao.

Mzee jirani ndiye aliyesema. Yeye yule aliyesema hakuna kilichosahauliwa. "Maiti hasubirishwi, mwanangu. Ule upenyo wa nyuma umenyooka. Mrudisheni ndani, mtoeni nyuma."

Nikapasuka. "Bibi hatoki nyuma!" nilipiga kelele kutoka juu, mbele ya wanaume wote wa mtaa, kichwa wazi. "Baba! Bibi hatoki uani! Alisema!"

Baba aliinua uso. Jeneza liko begani kwake, hawezi hata kunizaba. Alikuwa anajua habari ya mfereji kabla mimi sijazaliwa. Alikulia jikoni mule, alimwona mama yake akiinua kanga kupita. Tulitazamana. Mikono ya wanawake ikanivuta ndani, mtandio ukaniziba mdomo, mtu ananiambia, "Astaghfirullah, we mtoto, unamsumbua marehemu." Marehemu! Mtu pekee katika nyumba nzima aliyekuwa upande wangu.

Wakamgeuza. Wakarudi mbele ya baraza zote, wakaingia kwa mlango wa mbele, wakapita sebuleni katikati yetu, wanawake wakajibana ukutani, wakapita jikoni penye mafuta ya mandazi bado kwenye karai, wakatoka uani. Hawakugota popote. Upenyo wa mfereji ulilipokea jeneza kama uliopimwa kwa kazi hiyo. Hata waliobeba walikwenda kwa raha.

Nilikimbilia dirisha la jikoni. Mtu alikuwa amemwaga maji ya samaki asubuhi hiyo, magamba yanametameta kwenye saruji. Baba alikuwa mbele, kanzu imelowa mpaka magotini. Alikuwa analia na mdomo wazi, kama mdogo wangu anavyolia. Wanawake hawendi makaburini, kwa hiyo mimi safari ya bibi niliiona mpaka hapo: kwenye magamba.

Waliwahi swala. Watu wote walisema hivyo jioni, na walisema kama habari njema.

Siku ya mwisho ya matanga, wageni wakipungua, baba aliniita. "Naam," nikaitika, nikaenda kukaa mbele yake. Ndevu zilikuwa zimemwota.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Ulinizaba kibao."

Akainamisha kichwa. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimelitunza jibu lile tangu siku ya maziko, nalipigia msasa kila nikilala. Lilipotoka halikunipa kitu. Mama aliyekuwa mlangoni na sinia la chai akageuka akarudi nalo jikoni.

Sasa kona imebadilishwa. Baba alikata mabomba matatu kwa mkono wake, akayatia bawaba, yakawa mlango mmoja mpana unaofunguka mpaka ukutani, na kufuli, na ufunguo mmoja kwa askari na mmoja kwa mzee jirani. Ni kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Wenye mradi walikuja tena na viatu vyao wakaisifu. Wakasema itumike na kwenye majengo mengine, maana vichochoro viko vingi na majengo mapya yanakuja. Wakamtaka aichore vizuri.

Aliichora mezani kwetu. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikiangalia. Kila kitu kwenye mchoro kina jina: lango la magari, njia ya wakaazi, kibanda cha askari. Alipofika kwenye mlango mpya, penseli ikasimama.  Halafu akaandika: *mlango wa vitu virefu.*

"Bibi alikuwa mfupi," nikasema.

Hakunizaba. Hakufuta pia.

Jana baada ya skuli nilimkuta kichochoroni na ngazi ya mzee jirani, ileile. Akaniambia niwaite wenzangu. Wakaja, mdogo wangu akajificha nyuma ya mama kwa kudhani atalazwa. Baba akaweka juu ya ngazi mifuko miwili ya mchanga, akaifunika kwa gunia, akasema tushike. Yeye akashika mbele.

Askari akafungua kufuli. Tukaanzia mlangoni kwetu, wa mbele. Tukapita baraza zote, mzee jirani akasimama tulipompita, hajui kwa nini, akakaa tena. Tukafika konani na hatukupinda kushoto wala kulia. Tulitoka moja kwa moja mpaka barabarani, juani, katikati ya watu.

"Imepita," baba alisema.

Niligeuka kutazama dirisha la juu. Kiti kilikuwa bado kimeelekea nje.

Tukairudisha ngazi kwa mwenyewe.